Picha ya Kutoa Woga

Kabla sijafika London nilikuwa na vyeti viwili tu: cha kuzaliwa na cha ubatizo. Vyote nilivipata bila kutoa jasho, na cha pili naambiwa nilikipata nikipiga mayowe. Cheti cha tatu ni diploma ya upigaji picha. Leo inaning'inia kwenye studio yangu hapa Morogoro, ndani ya fremu ya mninga, mbele kabisa ya benchi la wateja, ili anayesubiri asipate pengine pa kutazama. Nimeiweka pale makusudi. Mtu aliyepata sifuri kidato cha nne, akapakia mabegi ya watu kwenye ndege miaka tisa, akasoma jioni kwa lugha ya watu, akarudi kwao na diploma, ana haki ya kuchagua ukuta.

Ila nusura niikose, na kilichotaka kunikosesha ni salamu. Naandika kisa hiki mwenyewe kwa sababu kaka yangu amezoea kukisimulia, na kila akikisimulia mimi napungua na yeye anaongezeka.

Tulikuwa tunakaa Hounslow, pembezoni mwa London, mimi na mke wangu, ghorofa ya juu, mahali ambapo ndege zilipita karibu na paa kiasi kwamba vijiko vilicheza kabatini. Mke wangu alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mimi nilikuwa uwanjani napakia mizigo tangu alfajiri. Nikitoka saa nane mchana naoga, nakula, napanda basi kwenda chuo, begi la kamera nimelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Darasani nilikuwa mkubwa kwa umri kuliko wote ukimtoa mwalimu, na nasema bila haya kwamba nilikuwa pia mjuzi kuliko wote. Wenzangu walikuwa wameshika kamera juzi. Mimi nilishafanya kazi studio miaka minne kabla ya kuondoka nyumbani, enzi za filamu, na nilikuwa naweza kumfanya bwana harusi anayetetemeka aonekane jemadari.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kiingereza wa makamo, mwembamba, mwenye buti nzito na sauti ndogo. Alikuwa amepiga picha mitaa ya nusu ya dunia. Kazi yetu ya mwisho ilikuwa hii: picha kumi na mbili za maisha ya mtaani, katika mji mmoja, asiwepo hata mtu mmoja aliyejipanga kwa ajili ya kamera. Bila kumi na mbili hizo, hakuna diploma. Na alikuwa na sheria moja, aliyokuwa akiirudia kila wiki kama mtu anayetoa dawa.

"Wakishakuona, umechelewa."

Tukaulizwa kila mtu ataenda wapi. Mmoja akasema soko la Walthamstow. Mwingine akasema tramu za Croydon. Ilipofika zamu yangu nikasema Kolkata, kwa sauti ya mtu anayetaja kituo cha basi. Darasa zima liligeuka. Nikiri kwamba nililipenda sana lile geuko.

Kolkata sikuitoa hewani. Pale kazini nilikuwa napakia mizigo pamoja na bwana mmoja wa huko, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono kama makasia na mdomo usiochoka. Kila wakati wa chakula alikuwa ananisimulia mtaa wa kwao: kinyozi anayenyolea watu pembezoni mwa barabara, waandishi wa barua wenye taipureta barazani, chai inayonywewa kwenye vikombe vya udongo vinavyotupwa chini vikavunjika. Mwaka ule alikuwa anakwenda likizo kwa mama yake.

"Njoo," aliniambia. "Mama atakulisha mpaka ushindwe kupita mlangoni."

Jioni ile ile nikampigia kaka yangu Morogoro. Hapo nilikosea. Kaka si mtu wa kuambiwa jambo ambalo bado halijawa. Nilimwambia nakwenda Asia kukamilisha diploma, yeye akasikia diploma. Jumapili akasimama kanisani akatangaza kwamba mdogo wake amehitimu Ulaya. Mchungaji akaniombea. Kina mama wa kwaya wakaanza kuchagua kitenge cha kunipokelea.

"Kaka, sijahitimu bado," nilimwambia aliponipa habari hizo.

"Kuna tofauti gani? Wewe si unasoma?"

"Kuna kazi ya mwisho."

"Basi imalize. Kitenge kimeshakatwa."

Kwa hiyo nilipopanda ndege nilikuwa tayari nimehitimu mbele ya kanisa zima, imebaki tu nihitimu kweli.

Kolkata ilinipokea kama harusi ambayo umealikwa na pande zote mbili. Sijawahi kuona mji unaofanya kazi zake zote nje namna ile. Mtu anaoga kwenye bomba la barabarani amejifunga shuka, pembeni yake mwingine anachapa barua ya mahakama kwa taipureta, juu ya ngazi mbuzi amelala kama mwenye nyumba, na katikati yao anapita mpagazi mwenye tenga la maua ya manjano kichwani, kubwa kuliko meza yetu ya Hounslow. Teksi za njano zinapiga honi, mkokota riksho wa miguu anagonga kengele yake ya mkononi, na kila hatua unakanyaga vigae vya vikombe vya chai, kwachu, kwachu. Nilitembea nikicheka peke yangu. Rafiki yangu wa mizigo, mwenyeji wangu, aliniuliza kama naumwa.

Siku ya kwanza nikamwona mzee amekaa kizingitini kwake na fulana, anasoma gazeti huku paka amelala juu ya kurasa za michezo. Mwanga ulikuwa unamwangukia begani vizuri mno. Mzee hajaniona. Ndiyo picha yenyewe aliyoihubiri mwalimu. Nikainua kamera, na mkono ukagoma.

Nilisikia sauti ya marehemu mama yangu kama yuko nyuma ya sikio. Mtu mzima amekaa mlangoni kwake, wewe unampita kama unapita gogo, halafu unamchukua sura yake? Nilishusha kamera. Nikamuuliza rafiki yangu kwao wanasalimiaje. Akanionyesha: unakutanisha viganja, unasema nomoshkar. Nikamsalimia mzee. Mzee akakunja gazeti, akaniuliza natoka wapi, nina watoto wangapi, mama yangu yuko hai, na samaki napenda wa mto au wa bahari. Tulipomaliza, rafiki yangu akamwuliza kama naweza kumpiga picha. Mzee akainuka, akaingia ndani, akatoka amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka kooni, akasimama wima mlangoni na mikono ubavuni. Paka akafukuzwa.

Nikajiambia huyo ni mmoja. Hakuwa mmoja.

Kinyozi tulimkuta chini ya ukuta, mteja wake amekaa kwenye kiti cha mbao na povu usoni, nusu ya ndevu zimeshaondoka. Nikasalimia. Ndani ya dakika tano mteja alikuwa amejifuta povu na kusimama, kinyozi amevua aproni, mwuza tumbaku wa jirani ameitwa, binamu wa mwuza tumbaku amekuja mbio akiwa na kiatu kimoja, wapita njia watatu wamejiunga, na wote wamejipanga mstari kama timu ya mpira kabla ya wimbo wa taifa.

"Mwambie aendelee kunyoa," nilimwomba rafiki yangu. "Mimi nataka kunyoa kwenyewe."

Wakazungumza kwa Kibengali, mikono mingi hewani.

"Anasema hawezi," rafiki yangu akanijibu. "Ukionekana kwenye picha unafanya kazi wakati mgeni amesimama, watu watasema hujafunzwa."

Ningebisha nini? Hata kwetu ni hivyo hivyo. Nikapiga. Watu saba, wima, wamekaza midomo, mmoja wao ana ndevu nusu.

Ilikuwa hivyo siku kumi. Mwuza chai aliosha uso kwanza. Mama mwuza samaki aliondoa samaki wote, akaweka mkoba wake mezani, akakaa nyuma ya mkoba. Mkokota riksho alimwomba abiria ashuke ili yeye apande akae kama tajiri, na abiria, karani mwenye miwani, akakubali kushika mikono ya riksho. Ilifika mahali watu walikuwa wananiita kutoka ng'ambo ya barabara. Rafiki yangu alichoka.

"Ndugu yangu, hivi umekuja kupiga picha au kugombea ubunge?"

Lakini nilikuwa na furaha isiyo na kifani, na nilikunywa chai siku zile kuliko maji.

Sasa lazima nieleze tabia yangu moja ya kazi, maana bila hiyo hakuna kisa. Bosi wangu wa studio, enzi zile za filamu, alinifundisha kwamba mteja wa picha anaogopa mara moja tu: ile taa inapowaka mara ya kwanza. Anafumba macho, anashtuka, shingo inaingia mabegani. Kwa hiyo yeye alikuwa anawasha taa tupu, bila kufungua filamu, wakati mteja bado anajitengeneza. Aliiita picha ya kutoa woga. Ikishapita, ndipo anapiga ya kweli. Mimi niliirithi tabia hiyo mpaka ikaingia vidoleni. Hata leo, mtu akianza kujiandaa mbele yangu, kidole kinabofya chenyewe, mara mbili tatu, ili azoee mlio. Tofauti ni kwamba kamera ya siku hizi haina bofyo tupu. Kila ukibofya, inaweka picha.

Niliporudi Hounslow nilikaa na kompyuta nikazigawa. Picha za kweli nikaziweka kwenye folda niliyoiita Diploma. Zile za kutoa woga, mamia kwa mamia, nikazitupia kwenye folda niliyoiita Uchafu. Sikuzifuta kwa sababu sifuti kitu. Mke wangu atakuambia kuhusu maboksi yangu.

Nikachagua nzuri kabisa kumi na mbili, nikazichapisha kubwa, nikazipeleka kwa mwalimu zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya mwisho. Alizipanga juu ya meza. Akazunguka meza. Buti zilikuwa zinagonga sakafu taratibu. Alizunguka muda ambao mtu angeweza kunyolewa.

"Umesafiri mpaka Kolkata," alisema, "ukaniletea picha kumi na mbili za pasipoti."

"Mwanga ni mzuri," nilijitetea.

"Mwanga ni mzuri sana. Kila mtu hapa anajua kwamba uko mbele yake. Mtaa uko wapi?"

"Nyuma yao."

"Wameuziba." Akazikusanya vizuri, kwa heshima, akanirudishia. "Siwezi kuzipitisha. Una siku tisa. Nenda hata hapo sokoni."

Nilirudi nyumbani na basi, ghorofa ya juu, kiti cha mbele. Jioni kaka akapiga simu kuuliza kofia ya wahitimu ni ya rangi gani, maana kina mama wa kwaya walitaka vilemba vilingane nayo. Nilimwambia nyeusi. Nikakata simu kabla hajauliza jingine.

Siku tatu zilizofuata nilijaribu barabara kuu ya Hounslow. Ilikuwa mbaya zaidi. Pale nusu ya watu nilikuwa nawajua, na nusu nyingine walidhani natoka halmashauri kupiga picha za maduka yanayoweka bidhaa nje. Mwuza mboga mmoja aliingiza maboksi yake yote ndani kabla sijafungua lenzi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa jikoni nakaanga maandazi kwa hasira. Mke wangu alikuwa mezani na kompyuta. Alikuwa anamtafuta yule mama mwuza samaki amwonyeshe mwenzake wa kazini, kwa sababu ya sari yake ya kijani. Nikasikia anacheka. Nikadhani anacheka maandazi. Akaendelea kucheka mpaka chai ikamwagika.

"Mume wangu, huyu baba amefanya nini?"

"Baba gani?"

"Huyu wa povu. Kinyozi anamfuta uso kwa shati lake mwenyewe, huyu mwingine anapanda juu ya kiti amwone nani, sijui. Na huyu ana kiatu kimoja, anaruka. Njoo uone."

"Hiyo folda siyo. Hizo ni takataka. Fungua iliyoandikwa Diploma."

"Hiyo nimeifungua. Humo wote wamekufa."

Nilizima jiko nikaenda kumtoa kwenye hiyo folda. Ndivyo nilivyokusudia. Nikasimama nyuma ya kiti chake, kijiko cha mafuta mkononi, na nikaona.

Mzee wa gazeti alikuwa mlangoni, mkono mmoja umeingia kwenye shati jeupe na mwingine unamsukuma paka, na paka amekataa. Mama wa samaki alikuwa ameweka samaki mkubwa kwapani ili apate mkono wa kurekebisha nywele, na mwenzake anampiga kikumbo kwa kicheko. Mwuza chai alikuwa anajiosha uso kwa maji ya birika, macho amefumba, huku wateja wawili nyuma yake wanajimiminia chai bila ruhusa. Karani mwenye miwani alikuwa anapokea mikono ya riksho kama mtu anayepewa mtoto wa mwenzake. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Walikuwa wanatazamana wao kwa wao, wanavutana kola, wanatemea mate leso na kufuta shavu la jirani, wanaitana kutoka madirishani. Mtaa wote ulikuwa umo, umejaa mpaka kwenye kona za picha.

"Hizi ulizipiga saa ngapi?" mke wangu akauliza.

"Walipokuwa wanajiandaa."

"Sasa mheshimiwa, huoni kwamba hayo ndiyo uliyotumwa?"

Nikakaa chini. Nilianza kucheka na mimi, kicheko kibaya, cha tumboni, mpaka ndege ikapita na hatukuisikia. Tulitumia siku mbili kuchagua kumi na mbili. Tuligombana juu ya ile ya binamu mwenye kiatu kimoja. Mimi niliona haijakaa sawa, yeye akasema ikitoka na yeye anatoka. Ikabaki.

Jumatatu ya mwisho nikampelekea mwalimu. Alipanga, akazunguka, buti zikagonga. Zikasimama mbele ya mama wa samaki.

"Ulikuwa umbali gani?"

"Hatua mbili."

"Na hawakukuona?"

"Waliniona. Niliwasalimia wote."

"Wote?"

"Mmoja mmoja. Nimekunywa na chai yao."

Alivuta kiti akakaa. Katika mwaka mzima sikuwahi kumwona amekaa. Akaniomba nimweleze, na nikamweleza kuhusu bosi wangu wa Morogoro na taa tupu. Alisikiliza kama mwanafunzi, na sisemi hivi kwa kujisifu, alikuwa amekunja mikono hivi kabisa. Halafu akasema sheria yake imevunjwa na mtu mmoja, na kwamba angeomba ruhusa kuonyesha picha zile kwa darasa la mwaka unaofuata. Nikampa ruhusa. Nilimwambia pia kwamba akienda Kolkata aanze na nomoshkar.

Nikapita, na kwa alama za juu kabisa darasani. Mwenzangu wa Walthamstow alipita pia, kwa alama za kawaida.

Siku ya mahafali nilikuwa na joho jeusi na kofia ya rangi ile ile niliyomwambia kaka. Kulikuwa na mpiga picha rasmi wa chuo, mwenye pazia la buluu na kiti. Alininyoosha kidevu, akanigeuza bega, akaniambia nisimame wima. Nilisimama. Lakini kabla ya hapo, nikiwa bado natafuta kifungo cha joho, kofia imeegemea sikio, rafiki yangu wa Kolkata ananishikilia diploma kwa meno kwa sababu mikono yake miwili inanifunga tai, mke wangu alikuwa amebofya.

Mwaka uliofuata tulirudi nyumbani. Kwaya iliimba, vilemba vililingana. Nikafungua studio, nikapigilia msumari wa diploma, na chini yake nikatundika ile picha aliyoipiga mke wangu.

Kaka alikuja siku ya kwanza. Alisoma diploma neno kwa neno, kisha akashuka kwenye picha, akainama.

"Hapa tai haijafungwa."

"Ndiyo, kaka."

"Na huyu Mhindi anatafuna cheti."

"Ananishikia."

"Ya kweli iko wapi? Ile umesimama."

"Iko kwenye folda ya uchafu."

Akanitazama kama ndugu anayefikiria kama anirudishe London. Halafu akasema afadhali yeye nimpige picha nzuri, ya mtu mzima, niitundike pale watu wapate mfano. Akaenda mbele ya kioo. Akavuta kola, akalamba kidole akalaza nyusi, akaingiza tumbo ndani, likarudi, akaliingiza tena, akanigeukia.

"Haya, niko tayari. Anza."

Nilikuwa nimeshamaliza.